Rufaa ya Mama Mdogo

6 Februari

Kaka yangu,

Tumeshindwa. Nimeona nianze na hilo, maana najua barua wewe huwa unaisoma kuanzia mwisho, na safari hii sikutaka upate taabu ya kugeuza karatasi.

Hakimu alisoma hukumu kama mtu anayesoma bei za vitu dukani. Mtoto kapewa shemeji. Sababu ya kwanza, mimi nafanya kazi ya usiku kwenye tanuri, na Chiriku analala kwa jirani wa chini mpaka nirudi. Hilo ni kweli, sikulikataa. Watu wanataka mkate wa moto wakiamka, sasa wanafikiri unaokwa saa ngapi? Hakimu mwenyewe anaula, lakini hakutaka kujua unatoka wapi.

Sababu ya pili ndiyo iliyonimaliza. Siku ile alipomwita mtoto ofisini kwake, mimi nikiwa nimesimama nje, alimuuliza, "Mama yako ni nani?" Chiriku akamjibu, "Mama yangu amekufa. Yule ni mama mdogo." Basi kaandika kwenye hukumu kwamba hata mtoto mwenyewe anajua mimi si mama yake.

Na nani alimfundisha kusema hivyo? Mimi! Tangu alipoanza kutamka maneno nilikataa aniite mama. Nilikuwa namsimamisha mbele ya picha ya marehemu dada yetu, namwambia mama yako ni huyu, mimi ni mama mdogo, na mtu hanyang'anywi jina lake kwa sababu hayupo. Wewe mwenyewe ulinisifu. Sasa heshima niliyompa dada ndiyo waliyoitumia kunipokonya mwanawe.

Shemeji alisema aliniachia mtoto "kwa muda". Alimleta wiki ile ile tuliyomzika dada, kamviringisha kwenye shuka ya hospitali, na muda huo umeendelea mpaka mtoto kang'oka meno, kaota mengine na kujua kusoma. Simchukii, kaka. Kapata mke, kapata nyumba, na mwanawe anampenda. Angekuwa mtu mbaya ningejua la kufanya.

Wamemchukua jana. Alikuwa anaongea tu kama kawaida yake, anamsimulia baba yake habari za paka wa jirani, mpaka gari lilipowashwa ndipo akanyamaza. Sijawahi kumwona Chiriku kanyamaza akiwa macho.

Wakili wangu, yule niliyekwambia nimembandika jina la Bwana Tutaona, anasema tukate rufaa. Nikamuuliza, tutashinda? Akasema, tutaona.

Mdogo wako,
Kitinda

19 Februari

Kitinda wangu,

Barua yako ilikuja na gari la vyakula, ikiwa imebanwa chini ya gunia la vitunguu, kwa hiyo nilipolia wenzangu walijua sababu ni vitunguu. Unajua huku mgodini simu tunaziacha getini, la sivyo ningekupigia siku ile ile.

Kwanza, usijute. Ulimpa marehemu haki yake. Hakimu hakumjua dada, sisi tulimjua.

Pili, kata rufaa, tena usilaze damu. Mimi sheria siijui, naijua mashine. Mashine ikigoma, natafuta kilichoigomesha nakitoa. Hakimu kasema tatizo ni usiku, basi wewe utoe huo usiku. Najua tanuri lile unalipenda kuliko baadhi ya ndugu zako, na sitaji majina. Lakini omba wakuhamishie kaunta, uuze mikate mchana. Majaji wa rufaa wakikuuliza kazi yako, uwaambie nauza mikate jua likiwaka na usiku nalala kwangu. Hapo watabaki na kitu gani cha kukushikia?

Tatu, mtoto usimwandikie machozi. Mwandikie vichekesho. Habari za kesi zisimfikie hata kidogo, ajione kama yuko likizo. Kesi ni ya watu wazima. Usimuulize chochote kuhusu yule hakimu na alichomwambia. Tukimwachia asahau, atasahau.

Usiache kula. Nakujua wewe.

Kaka yako

26 Februari

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo na Baba hajambo na Mama Nesi hajambo. Mama Nesi ndiye mke wa Baba na ni nesi wa kweli, ana saa inayoning'inia kifuani kichwa chini miguu juu, nikamuuliza mbona umeipindua akasema ili aisome yeye asiisome mgonjwa. Chumba changu kina dirisha na kitanda ambacho ukigeuka kinalia kama bata, kwa hiyo usiku nageuka makusudi. Shuleni mwalimu alisema nina maneno mengi, nikamwambia ndiyo maana naitwa Chiriku, darasa zima likacheka na yeye akacheka lakini akanihamisha nikae mbele.

Mkate wa hapa unanunuliwa umeshakatwa na hauna ganda la kutafuna. Nilimwambia Mama Nesi kwamba wewe unajua mkate umeiva kwa kuugonga mgongoni na kusikiliza. Akaugonga ule wa dukani, akasema huyu haitiki, tukacheka sana. Halafu nikaona vibaya kwamba nimecheka.

Baba anasema simu hapana kwanza, kwa sababu siku ile uliyopiga nililia mpaka nikapata homa. Ila barua niandike ninavyotaka. Mama Nesi amesema atakuwa ananisahihishia makosa lakini hii hajaiona bado ndiyo maana ina makosa.

Paka wa jirani amezaa? Likizo nitakuja?

Wako,
Chiriku

10 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba. Paka wa jirani amezaa, tena kazaa ndani ya kabati la nguo, juu ya koti la mwenye nyumba. Jirani anafoka kutwa, paka anamtazama tu kama mpangaji aliyemaliza kulipa kodi yake. Watoto wake hawajapewa majina, wanakusubiri wewe.

Mimi sijambo, nipo na tanuri langu kama kawaida, na usiku nikigonga mikate yote inaitika. Usione vibaya kucheka. Cheka, na ukisharudi shuleni cheka tena. Mtii Baba na Mama Nesi, na kitanda kisikuharibie usingizi.

Likizo bado wakubwa tunazungumza. Wewe soma.

Mama yako mdogo

3 Juni

Kaka,

Tanuri nimeliacha tangu Machi, nilifanya ulivyonishauri. Nipo kaunta, nimevaa aproni nyeupe isiyo na hata chembe ya unga, nauza mikate iliyookwa na mwingine. Wameweka kijana wa watu ambaye hana haraka na maisha. Mikate inatoka imeungua chini na katikati haijaiva, wateja wananikunjia uso mimi, na mimi nasema samahani. Usiku nalala kitandani macho yakiwa kwenye dari, maana mwili haujui kwamba tumebadilisha saa. Chiriku nimemwambia bado nipo kwenye tanuri. Sikutaka ajiulize kwa nini nimeliacha.

Haya yote ningeyavumilia. Lakini sikiliza. Jana nilikwenda kwa Bwana Tutaona na barua ya meneja inayothibitisha kwamba sasa nafanya kazi mchana. Niliibeba kama yai. Akaisoma, akaikunja, akanirudishia. Akasema majaji wa rufaa hawataiangalia. Nikamuuliza kivipi? Akasema wao hawasikilizi kesi upya. Wanasoma mwenendo wa kesi, yaani yale maandishi ya yaliyosemwa siku ile mbele ya hakimu, wanatazama kama hakimu alikosea. Siku ile nilikuwa nafanya kazi usiku. Kwao wao nitaendelea kufanya kazi usiku.

Nikamuuliza, kwa nini hukuniambia? Akasema, hukuniuliza. Kaka, nilitaka kumpiga na kiti. Kisha nikaona hata kiti chenyewe kina mguu mmoja uliofungwa waya, nikamwonea huruma.

Na huo mwenendo bado haujachapwa. Hakimu aliandika kwa mkono, mchapaji yuko likizo ya uzazi, na faili linasubiri mtoto wa watu akue. Kila nikienda karani ananiambia rudi baada ya wiki mbili, na ananiambia kwa upole kabisa, hanipi hata nafasi ya kugombana. Shemeji naye kasema habari za mtoto kuja likizo tusubiri kwanza rufaa iishe. Sina pa kushika.

Usijilaumu. Na mimi nilidhani hivyo hivyo.

Kitinda

12 Julai

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Sisi sote hatujambo. Ninaendelea vizuri na masomo. Katika mtihani nilikuwa mtu wa nne. Hali ya hewa ni nzuri.

Nakutakia kazi njema.

Wako,
Chiriku

22 Julai

Mke wa shemeji,

Nakusalimu. Sikukusudia kukuandikia, lakini nimepokea barua inayosema "hali ya hewa ni nzuri", na mtoto niliyemlea mimi hajawahi kuijali hali ya hewa hata siku tuliyonyeshewa mpaka nguo za ndani.

Nakuomba uniachie barua zake zije na makosa yake. Mimi makosa hayo nayajua moja moja. Kama kuna maneno hutaki niyasome, kata karatasi, nitaona pengo na nitaelewa. Lakini usimwandikie mtoto wa mwenzio barua za ofisini halafu uweke jina lake chini.

Mahakama imewapa mtoto. Haikuwapa mdomo wake.

Mimi, mama yake mdogo

1 Agosti

Dada,

Barua yako nimeisoma nikiwa zamu, nikaikunja, nikaenda kumchoma mtu sindano, kisha nikarudi kuisoma tena. Nimeamua kutokasirika. Ningekuwa wewe ningeandika makali zaidi.

Barua ile sikuiandika mimi, wala sikusahihisha hata nukta. Aliiandika mwenyewe. Aliandika nyingine kabla yake, ndefu, akazichana moja baada ya nyingine, na vipande akavitia mfukoni mwa sare ili nisivione kwenye pipa. Nilivikuta wakati wa kufua. Sikuviunganisha. Nilitamani, lakini sikuviunganisha.

Tulipoanza kuishi naye alikuwa anaongea tangu anaamka mpaka analala, na mimi niliyezoea nyumba ya kimya niliona kichwa kitapasuka. Sasa ningelipa chochote apasue kichwa changu. Anajibu akiulizwa. Anasema asante. Aliacha kuongea baada ya kumsikia baba yake akizungumza na wakili wetu kwa simu sebuleni kuhusu rufaa. Nilikwenda kumweleza, akaniambia anajua, kisha akaomba ruhusa akaoge.

Hajawahi kuniita mama, na mimi sijamwomba. Ananiita Mama Nesi, jina alilonipa mwenyewe siku ya kwanza, na linanitosha.

Nakuomba na mimi kitu kimoja. Kama unajua linalomkaa rohoni mtoto huyu, niambie.

Mke wa shemeji yako

17 Oktoba

Kaka! Kaka!

Anza kusoma mwisho, anza katikati, anza popote unapotaka, kote kumeandikwa tumeshinda!

Majaji watatu, wamekaa juu kule kama mikate kwenye rafu. Bwana Tutaona alisimama na koti lake lililochakaa, nikasema leo tunaumbuka. Alipotaja kwamba sasa nafanya kazi mchana, jaji wa katikati akamkata pale pale, hayo hayamo kwenye mwenendo. Nikafumba macho. Lakini yule jaji mwanamke wa pembeni akaanza kupekua mwenendo, akauliza, mtoto alipohojiwa nani alikuwepo ofisini? Kumbe hakimu aliandika mwenyewe: "baba wa mtoto akiwepo." Na kumbe swali lililoandikwa ni lile moja tu la mama yako ni nani. Hakumuuliza hata mara moja, wewe unataka kukaa na nani? Jaji akasema swali hilo ndilo lilikuwa la kuulizwa, na mtoto alipaswa kuulizwa peke yake. Bwana Tutaona akaitikia kwa kichwa kana kwamba ndiyo hoja aliyokuja nayo, na mimi nilimsamehe kila kitu.

Hukumu imetenguliwa. Shauri linarudi chini lisikilizwe upya mbele ya hakimu mwingine, kuanzia mwanzo, na kazi yangu ya mchana sasa itahesabika. Chiriku atahojiwa upya, peke yake. Mpaka siku hiyo atakaa kwa baba yake.

Wenzangu wa kiwandani walinibeba juu juu. Yule kijana wa tanuri alinipa mkate alioutengeneza maalumu kwa ajili yangu, umeungua, nikaula wote.

Hajui bado. Nimeogopa kumwandikia, sitaki aseme nimemfundisha la kusema. Ataulizwa tu, kaka. Mtu mmoja hatimaye atamuuliza.

Kitinda

2 Novemba

Dada,

Mume wangu hajui kama naandika. Usimlaumu, na mimi usinifikirie kwamba nimetumwa.

Alimwambia mtoto mezani, kwa utulivu tu, kwamba hakimu mwingine atamwita na kumuuliza upya. Chiriku akasema haya. Tangu siku hiyo hali chakula cha maana. Asubuhi akivaa sare anatapika, nimeshazoea kuweka beseni karibu na mlango. Akirudi shuleni anajifungia bafuni, namsikia anaongea peke yake kwa sauti ndogo, anaanza, anakatiza, anaanza tena. Nikigonga, anafungua bomba la maji. Amepungua mpaka sketi tumeifunga kwa pini.

Nimempima kila kitu ninachojua kupima na nikampeleka kwa daktari. Mwilini hana ugonjwa. Nilikaa naye kitandani nikamuuliza unaogopa nini, akasema, "Naogopa kuulizwa." Nikamwambia hakimu hatamdhuru. Akasema, "Najua." Nikamuuliza kama anataka kuniambia zaidi, akageukia ukutani.

Nadhani hawezi kumchagua mtu mmoja mbele ya mwingine. Nadhani hilo ndilo linalomla. Naona watoto wodini kila siku, na huyu ananitisha kuliko wale wenye dripu. Wakili wetu anasema kesi inaweza kupangwa mwakani, na inaweza kuahirishwa tena na tena.

Sikuombi uache. Sina haki hiyo. Nimeona tu kwamba wewe ndiye mtu ambaye angetaka kujua.

Mke wa shemeji yako

24 Novemba

Kaka,

Barua yako ya kunisihi nisiache imefika, na nimeisoma nikiwa nimeshaacha. Nisamehe.

Nilijaribu kila njia. Nilikwenda mahakamani kuomba tarehe ya karibu, karani akaniambia rudi baada ya wiki mbili. Nilimwomba shemeji nimwone mtoto hata mlangoni pa shule, akasema wakili wake kamkataza mpaka mtoto ahojiwe, isije ikasemwa kafundishwa. Nilifikiri nimwandikie nimuulize, Chiriku, unataka nini? Nilishika kalamu kabisa. Kisha nikajisemea, si ndiyo kile kile kinachomtapisha? Nimkimbize hakimu asimuulize, halafu nimuulize mimi?

Basi nimeondoa maombi. Bwana Tutaona alinisihi. Kwa mara ya kwanza hakusema tutaona, alisema, "Ukitia sahihi hapa mlango unafungwa. Shemeji yako amekubali mtoto awe anakuja kwako likizo, kwa sharti kwamba shauri hili halifunguliwi tena." Nikatia sahihi. Akanisindikiza mpaka barabarani, hajawahi kunisindikiza siku tulizoshindwa.

Chiriku nitamwambia tumeshindwa. Nikimwambia nimeacha, atafikiri nimemwacha yeye, na atajiuliza amekosea nini. Tukishindwa, lawama ni ya majaji, nao hawamjui. Na wewe ukimwandikia useme hivyo hivyo.

Sina zaidi. Nimeomba nirudishwe kwenye tanuri.

Kitinda

25 Novemba

Chiriku wangu,

Hujambo mwanangu. Leo nakuandikia habari za kesi. Sijawahi kukuandikia, mjomba wako na mimi tulidhani hazikuhusu, lakini naona umezisikia.

Tumeshindwa ile rufaa. Majaji wamesoma karatasi zote na wameamua ukae kwa Baba. Ilikuwa ngumu, na wakili alijitahidi sana, alivaa mpaka koti. Si kosa la mtu yeyote, na wewe ndiye wa mwisho kabisa kuwa na kosa. Kwa hiyo hakimu hatakuita tena. Hakuna mtu atakayekuuliza swali lolote. Imekwisha. Unaweza kula ukashiba na kulala ukakoroma.

Baba amekubali uje kwangu likizo, na nimeambiwa nitaruhusiwa kukupigia simu. Mama Nesi ni mtu mwema. Mchekeshe, anahitaji.

Nakupenda. Hilo halina hakimu.

Mama yako mdogo

6 Desemba

Mama,

Shikamoo. Nimeandika mama bila mdogo, naomba usinikasirikie, nitakueleza sababu. Barua hii hajaisoma mtu, mwalimu amesema atanitilia posta mwenyewe.

Nimesoma kwamba tumeshindwa. Nilifikiri kuna makosa kwa sababu Baba alisema hakimu mwingine ataniuliza na mimi nilikuwa namsubiri. Nilimuuliza Baba, akasema imekwisha, akanishika kichwa, halafu akatoka nje.

Mama, ile mara ya kwanza ilikuwa kosa langu. Hakimu aliniuliza mama yako ni nani na mimi nikajibu kama ulivyonifundisha, nikaona anaandika, nikafurahi kwamba nimejibu sawa. Kumbe lilikuwa swali lingine. Baba alisema kwenye simu kwamba jibu langu ndilo lililoshindisha. Ndiyo maana nilikuwa sijui nikuandikie nini. Nilikuwa naandika samahani halafu naona samahani ni fupi, nachana.

Halafu Baba aliposema nitaulizwa tena nikajua nimepata nafasi nyingine. Nilikuwa najifunza kila siku bafuni kwa sababu kuna kioo. Nilikuwa nasema, mama yangu ni yule aliyesimama nje. Nilikuwa nasema, nataka kukaa na yeye. Mara nyingine nakosea naanza kusema mama mdogo, naanza upya. Nilikuwa natapika kwa kuogopa kwamba siku yenyewe nitakosea tena na wewe utashindwa kwa ajili yangu. Lakini wiki iliyopita niliweza. Nilisema jibu lote bila kukosea hata neno, hata nikiwa nimefumba macho. Nilitaka kumwambia Mama Nesi lakini niliona atahuzunika, na yeye hajanikosea kitu.

Halafu barua yako ikaja.

Mwalimu wetu wa uraia anasema juu ya mahakama ya rufaa kuna nyingine kubwa zaidi, na mtu akishindwa anaweza kwenda huko. Nimemuuliza na mtoto anaruhusiwa? Akasema mtoto anapelekwa na mtu mzima. Kwa hiyo mwambie wakili akate rufaa tena. Mwambie asichelewe. Siogopi sasa, nakula vizuri, na jibu ninalo. Waambie waniulize.

Chiriku